Nimetoka fosta, nataka kutetea shule za umma: nianzie wapi?

Swali limenifikia kwa ujumbe, nimelifupisha kwa ruhusa ya mwenyewe:

"Shikamoo dada. Niliingia Marekani 2016 nikiwa na miaka 15, peke yangu, kutokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu Tanzania, nikawekwa fosta, yani kulelewa na familia nyingine chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Nyumba 4, shule 3, mpaka namaliza haiskuli. Sa hivi nina kashirika kadogo tuko watu 3, tunagawa mabegi na madaftari kwa watoto wa fosta na jioni tunawasaidia masomo. Naitwa sana kwenye hafla kusimulia maisha yangu, watu wanalia, wanapiga makofi, wanachanga kidogo, mwaka unaofuata naitwa tena nasimulia yale yale na shuleni hakuna kilichobadilika. Nataka niingie kwenye kutetea elimu ya umma yenyewe. Nirudi chuo kwanza? Nigombee bodi ya shule? Nitafute shirika kubwa linichukue? Halafu kuna kitu kinanisumbua, mama wa fosta wa tatu alikuwa ananiendesha dakika 40 kila asubuhi ili nisihame shule, lakini kwenye hadithi yangu simtaji kwa sababu watu wanataka kusikia mabaya. Nakosea?"

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa kwenye foleni ya magari namsubiri mwanangu atoke shule, na hilo la mama wa tatu nimelishika, nitalirudia mwisho usidhani nimelipita.

Kwanza ujue nani anakujibu. Nimefanya ustawi wa jamii miaka 5, yani yule mtu anayekuja na gari na mfuko mweusi wa plastiki kumhamisha mtoto, nikachoka, nikahamia upande wa shule na huku niko mwaka wa 11, kazi yangu ni kuhakikisha watoto wa fosta wanaandikishwa, wanapata usafiri, wanapata matokeo yao. Sijalelewa fosta mimi. Nimelelewa na bibi bila karatasi wala jaji. Kwa hiyo kuna vitu we umeviishi na mi nimevisoma kwenye mafaili tu, pale nitakapokosea unirekebishe.

Haya. Hadithi yako ina nguvu, ndo maana wanakuita kila mwaka, ila hebu siku nyingine angalia vizuri wanaokaa kwenye zile meza: mwenye kampuni ya magari, mchungaji, watu wa benki na wake zao, watu wazuri kabisa, lakini hata mmoja wao hawezi kubadilisha mstari mmoja kwenye utaratibu wa shule. Wanalia kwa dhati, wanatoa dola 50, wanarudi nyumbani, wamemaliza walichoweza. We unarudi na uchovu.

Mi ninachokuambia ni hiki, na vingine vyote hapa chini vinatoka humo humo: kila kitu kilichokuumiza shuleni kuna mtu alikisaini mahali fulani. Anaweza kuwa mbunge, anaweza kuwa jaji, mara nyingi sana ni karani tu. Utetezi ni kumtafuta mwenye saini na kukaa mlangoni kwake mpaka asaini kingine.

Nikupe mfano. Kuna kijana alikuja kwangu mwezi wa pili, alikuwa kahamishwa nyumba mara mbili tangu shule zifunguliwe, na kote alikoenda alihudhuria, walimu wanamkumbuka, kazi alifanya, lakini kila alipohama ilikuwa kabla ya muhula kuisha, so transkripti yake, yani karatasi ya matokeo, ilikuwa na krediti sifuri, yani hakuna somo hata moja lililohesabika. Sifuri kabisa! Siku zaidi ya 80 amekaa darasani na kwenye karatasi ni kama alikuwa amelala nyumbani. Nikauliza mshauri wa wanafunzi, akasema hiyo ni sheria ya jimbo dada. Nikapiga jimboni, wakasema hapana sisi hatuna sheria hiyo, muulize mkuu wa wilaya yenu ya shule, yani ile ofisi inayosimamia shule zote za eneo lenu. Wilayani wakasema ipo kwenye mwongozo wa maandikisho. Nikaomba mwongozo. Ilikuwa sentensi moja, imeandikwa na mtu aliyestaafu zamani, haijawahi kupigiwa kura na bodi, hakuna anayejua kwa nini iliandikwa, yani watoto walikuwa wanapoteza nusu mwaka kwa sababu ya sentensi ambayo haina mwenyewe. Kuiondoa kulituchukua miezi 5, na miezi 4 kati ya hiyo ilikuwa ni kutafuta nani ana haki ya kuifuta.

Hakuna hafla ingeweza kufanya hiyo kazi.

Sasa we chukua karatasi uandike vitu vitatu tu vilivyokurudisha nyuma shuleni. Usiandike "mfumo ulinisahau", mfumo hausaini kitu. Andika "shule ya pili ilikataa kuniandikisha siku 9 kwa sababu hawakuwa na karatasi za chanjo" au "darasa la hesabu nililifanya mara 2 kwa sababu krediti haikuhama". Kitu chenye tarehe. Halafu chagua kimoja, na ukichague kile ambacho unaona bado kinawapata hao watoto unaowafundisha jioni, maana kama kilikupata wewe peke yako 2017 hicho ni kumbukumbu.

Kumtafuta mwenye saini inabidi ujue kidogo nyumba yenyewe ilivyojengwa. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja, na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1973 kwenye kesi ya San Antonio kule Texas ilisema elimu sio haki ya msingi chini ya katiba ya taifa. Ndo maana majimbo na wilaya ndio wanaoshika karibu kila kitu, zipo wilaya za shule kama 13,000 nchi nzima na nyingi bodi yake inachaguliwa kwa kura, na pesa ya serikali kuu ni kama senti 10 tu kwenye kila dola ya shule, miaka mingine pungufu. Watu wanaotoka kwenye hadithi kama yako karibu wote wanaota Washington. Mi nakwambia Washington kwa upande wetu tayari ilishaandika mengi, tatizo liko kwenye utekelezaji mtaani kwenu.

Tena ngoja nikuwekee yaliyoandikwa maana nimekutana na viongozi wa mashirika wanaoomba kitu ambacho ni sheria tayari, na yule unayemuomba anafurahi sana akijua hujui. Mwaka 2008 ilipita sheria ya kuwataka watu wa ustawi wawe na mpango wa kuhakikisha masomo ya mtoto hayayumbi anapohamishwa nyumba, na hiyo hiyo ikaruhusu gharama ya kumsafirisha abaki shule yake ihesabike kwenye malipo ya malezi ya kambo. Januari 2013 ikarekebishwa sheria ya usiri wa rekodi, ustawi wakaweza kupata rekodi za shule bila kumsubiri mzazi asaini. Kisha ikaja ile kubwa ya elimu, ESSA, ikasainiwa Desemba 2015 na vipengele vya fosta vikaanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2016: mtoto abaki shule aliyokuwa anasoma mpaka ithibitike kwamba kuhama ni bora kwake, akihama aandikishwe hapo hapo hata kama hana karatasi hata moja, wilaya na ustawi wakae pamoja waandike mpango wa usafiri, na kila jimbo litoe hadharani takwimu za watoto wa fosta peke yao, ufaulu wao na wangapi wanamaliza haiskuli.

Angalia hapo tarehe. We uliingia 2016. Shule zako za pili na tatu nadhani zilikuwa baada ya hiyo sheria kuanza. Kwa hiyo kama walikukataa kisa karatasi, kuna uwezekano mkubwa walivunja sheria na wala hawakujua, na hiyo sentensi ukiisema mbele ya bodi ya shule kwa sauti ya kawaida bila kulia ina uzito kuliko hafla 10. Kitu kimoja tu ukihakikishe kabla hujaisema: nyie mliokuja kwa ile programu ya wakimbizi wasio na wazazi, ulezi wa kisheria unatofautiana jimbo na jimbo, wengine unashikwa na jimbo au kaunti, wengine na shirika binafsi. Tafuta amri ya mahakama yako uone jina la nani limeandikwa, maana ulinzi fulani unafuata nani anashika ulezi. Nyie mnatakiwa mpate huduma zile zile anazopata mtoto mwingine wa fosta kwenye jimbo hilo, ila wa shule hawajui mko kundi gani, nimeona mtoto mmoja anawekwa kwenye mafaili matatu, mkimbizi, fosta, na anayejifunza Kiingereza, na kila ofisi inadhani nyingine ndo inamshughulikia. Hapo una kitu ambacho watetezi wengi wa hapa hawana, unajua kilivyo kutoka ndani. Mi kwenye nafasi yako ningeanzia hapo hapo.

Usafiri nao ni balaa nyingine. Hivyo vipengele vya fosta havikuja na pesa yake, sheria ilisema mkae muandike mpango, basi. Watu wamekaa. Kuna binti alikaa nyumbani siku 11 wakati wilaya na ustawi wanabishana nani alipe teksi, na barua pepe zao nilikuwa nazisoma maana mimi nilikuwa nimewekwa kwenye nakala, kila mtu anaandika kwa adabu sana "tunaomba ufafanuzi" na mtoto yuko kwenye kochi anaangalia katuni. Ukitaka kujua wilaya yenu ikoje, omba kitu kimoja: mpango wa maandishi wa usafiri wa watoto wa fosta. Ni nyaraka ya umma. Wakikupa, soma mstari wa nani analipa wakati wanabishana. Wakikosa, umeshapata ajenda yako ya mwaka mzima.

Sasa jinsi ya kuomba. Usiende na "watoto wa fosta wanateseka", wanajua, wamezoea. Nenda na mfano wa watu wengine ambao tayari wamepewa. Watoto wa wanajeshi wanahama sana, na majimbo yalitengeneza mkataba wao, ulianza 2008 na kufika 2014 majimbo yote 50 yalikuwa ndani, unasema rekodi zihamishwe haraka, mtoto aandikishwe, masharti ya kumaliza shule yalegezwe kama kahama mwishoni. Unaona ilivyo? Jimbo lako tayari limekubali kwamba mtoto akihama kwa sababu ambayo sio kosa lake shule ndo inabidi ijipinde. Unauliza tu, kwa upole, mbona huyu akihamishwa na jaji hapati hicho hicho. Nimeona mjumbe wa bodi, mzee aliyekuwa jeshini, anageuka kabisa kwa hilo swali. Hesabu za huruma zilikuwa hazimgusi.

California ndo mfano ninaoupenda kwa sababu vijana wenyewe walifanya. Mwaka 1988 vijana waliokuwa fosta na waliotoka waliunda California Youth Connection, wakawa wanaenda Sacramento, makao makuu ya jimbo, kuongea na wabunge mwaka baada ya mwaka, na ukiangalia kilichopita jimboni huko ni vitu vya saini kabisa: sheria ya 2003 kuhusu kuandikishwa hapo hapo na krediti za nusu muhula kuhesabika, ya 2009 kwamba aliyehama mwishoni mwa haiskuli asilazimishwe masharti ya ziada ya wilaya, ya 2010 ya kubaki kwenye malezi mpaka miaka 21 ambayo Karen Bass, wakati huo mbunge wa jimbo, alikuwa mmoja wa walioipeleka bungeni, na 2013 fomula mpya ya pesa za shule ikawataja watoto wa fosta kama kundi linaloletea wilaya pesa ya nyongeza. Kimoja kimoja. Miaka 10. Hakuna aliyeamka asubuhi akabadilisha mfumo.

Au mwangalie Sixto Cancel, yeye aliingia fosta kule Connecticut kabla hajafikisha mwaka mmoja, akaja kuanzisha shirika la Think of Us, na ukubwani akagundua alikuwa na ndugu wa damu ambao wangeweza kumlea. Hiyo hadithi angeweza kuizungusha kwenye hafla mpaka leo. Badala yake ukimfuatilia unamkuta anaongelea leseni, yani masharti ya nyumba ambayo shangazi au mjomba anapimwa nayo kama mgeni, na 2023 serikali kuu ikatoa kanuni inayoruhusu majimbo kuwa na masharti tofauti kwa ndugu. Sio yeye peke yake aliyeisukuma, ila unaona alivyofanya, kidonda kikubwa, ombi dogo lenye namba ya ukurasa.

Kuhusu shirika lako, maana najua mtu atakutisha kwamba mkiongea siasa mtanyang'anywa usajili. Nimesikia hiyo hofu mpaka basi. Kama mmesajiliwa chini ya 501(c)(3), yani kile kifungu cha sheria ya kodi cha mashirika ya hisani yasiyolipa kodi, kilichokatazwa moja kwa moja ni kumpigia debe au kumpinga mgombea, hiyo ipo tangu 1954 na msiiguse kabisa hata kwenye ukurasa wa shirika. Kushawishi kuhusu mswada kunaruhusiwa kwa kiasi. Kuna fomu ya ukurasa mmoja, namba 5768, mkiijaza mnapimwa kwa pesa mliyotumia na sio kwa maneno yasiyoeleweka ya sheria: asilimia 20 ya matumizi yenu kwa dola 500,000 za kwanza, na robo ya hiyo kwa kuhamasisha wananchi wapigie simu wabunge wao. Kama mnatumia dola 60,000 kwa mwaka basi mna dola 12,000 za kushawishi, na humo 3,000 ndo za kuhamasisha umma. Ukizingatia kwamba muda wa wanaojitolea sio matumizi, ni nyingi kuliko mtakavyoweza kumaliza. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, kwa kanuni hizo bodi ya shule haihesabiwi kama bunge, ni chombo cha utawala, hivyo ukienda kuibana bodi ya shule kuhusu sera zake hiyo kwa watu wa kodi haihesabiki kama kushawishi. Pesa za ruzuku ya serikali tu msizitumie kushawishi mswada. Tafuteni mhasibu anayejua mashirika akae na nyie saa moja, ila msikae kimya kwa uoga.

Wafadhili ndo watasumbua kuliko sheria. Begi linapigwa picha, sentensi iliyofutwa kwenye mwongozo haipigwi picha. Usiwaambie unaacha mabegi. Kwanza usiyaache, hiyo jioni ya masomo ndo mahali unapojua nini kinavunjika kabla ya mtu mwingine yeyote, mkurugenzi wa shirika kubwa anasubiri ripoti ya mwaka na wewe unaambiwa Jumanne saa 11 na mtoto anayekula biskuti. Anza tu kuandika. Daftari moja: tarehe, shule, nini kilikwama, siku ngapi, nani alisema nini. Majina ya watoto usiyaandike humo, weka herufi. Baada ya mwaka hilo daftari ni mali.

Na watoto wenyewe, nakuomba sana, walio bado kwenye malezi usiwapandishe jukwaani wala usiweke sura zao mtandaoni, kuna usiri wa kisheria na hata mtoto akisema sawa yeye sio mwenye kutoa ruhusa peke yake. Zaidi ya hapo, akiwa na miaka 30 anaomba kazi mtu atafute jina lake akutane na video analia. Wewe mwenyewe jiangalie. Una haki ya kukataa kusimulia. Una haki ya kulipwa ukisimulia, wanamlipa anayepiga muziki kwenye hiyo hiyo hafla. Na una haki ya kuchagua kipande, mi wenzio ninaowaona wamedumu kwenye hii kazi wote wana sehemu ambayo hawaisimulii popote.

Kwenye bodi ya shule utapewa dakika 2 au 3. Jina lako, ulisoma shule zipi za wilaya hii, kitu kimoja kilichotokea na tarehe yake, sera namba fulani inasema hivi, naomba muiweke kwenye ajenda. Unakaa. Angalia ajenda siku chache kabla, huwa wanaitoa, na usome hasa ile orodha ya vitu vinavyopitishwa kwa mkupuo bila majadiliano, humo ndo mikataba na mabadiliko madogo ya sera yanapita watu wakiwa wanatafuta parking. Nenda vikao vitatu kabla hujafungua mdomo. Utawajua: yupi anasoma makabrasha, yupi anasoma simu.

Maswali yako matatu sasa, haraka haraka. Chuo: kama unaona kuna kitu maalum unakihitaji, sheria au sera au uhasibu, nenda, lakini usiende kutafuta kibali cha kuongea, unacho. Na kama una mpango huo ulizia sasa hivi, vocha ya masomo ya vijana waliotoka fosta inafika dola 5,000 kwa mwaka lakini mwisho ni miaka 26 na isizidi miaka 5 yote kwa jumla, uliza ofisi iliyokuwa inakusimamia kama kundi lenu mnastahili, usikae. Shirika kubwa: mwaka mmoja au miwili inafaa, utajifunza mswada unavyoandikwa na bajeti inavyosomwa, ila soma kazi yako imeandikwaje, ukiona "kushirikisha uzoefu wake" na hakuna sehemu ya kuamua chochote, umeajiriwa kuwa bango. Bodi ya shule: sio mwaka huu. Kugombea kwa kawaida unahitaji uwe mpiga kura hapo, yani uraia uwe umeshakamilika, na ukigombea shirika lako haliwezi kukusaidia kwa senti wala kwa chumba cha mkutano, afu ukishinda utakuwa mtu wa upande wa pili, itabidi upigie kura mabasi, paa linalovuja, mishahara ya walimu. Ni kazi nzuri sana. Hudhuria kwanza. Kuongea kwenye kikao hakuhitaji uraia.

Umesema unataka elimu ya umma yenyewe na sio fosta peke yake, na nadhani umeona kitu cha kweli, watoto walioko kwenye malezi nchi nzima walikuwa kama 340,000 mwishoni mwa Septemba 2023, ukiwaweka kwenye shule zenye watoto karibu milioni 50 ni wachache mno, bodi yoyote inaweza kuwasahau bila ubaya. Ila mlango uliomkwamisha mtoto wa fosta unamkwamisha pia mtoto asiye na makazi, wa wazazi wanaofuata mavuno, wa waliotengana. Ukirekebisha ule wa krediti wanapita wote. Kwa hiyo usihame kutoka fosta kwenda elimu ya umma, ingia kwa mlango huo huo na uwaite hao wengine, wana mashirika yao na wana hasira zao, na mkiwa watatu kwenye kikao mjumbe wa bodi anaacha simu.

Haya, mama wa tatu.

Hujakosea kumnyamazia, ulikuwa unawapa watu walichokuja kununua. Lakini hebu fikiria alichokuwa anafanya yule mama. Dakika 40 kwenda, 40 kurudi, jioni tena, ili ubaki shule moja. Huo ndio ule mpango wa usafiri ulioandikwa kwenye sheria, na kwenye maisha yako mpango ulikuwa ni yeye na gari lake na mafuta yake. Wakati huo sheria ilikuwa tayari inafanya kazi, na tangu 2008 gharama kama hiyo inaruhusiwa kuingia kwenye malipo ya malezi. Kwa hiyo kabla hujaenda popote mpigie. Msalimie kwanza, kaa naye kwenye simu, usianze na kazi. Halafu muulize ilikuwa miezi mingapi, na kama kuna mtu yeyote, ustawi au shule, aliwahi kumwambia kwamba anaweza kurudishiwa hiyo hela. Kama ana hata kikalenda alichokuwa anaandika maili au risiti za mafuta kwenye droo, muombe apige picha akutumie. Akikubali umtaje jina mtaje, asipotaka sema "mama mmoja". Ila hizo namba zake ndo ziwe dakika yako ya kwanza pale kwenye bodi.